UZI: Bia ya kegi kutoa povu tupu nyumbani. Angalia mpira kabla hujagusa regulata

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Swali la povu linarudi kila mara, na jibu linalotolewa haraka ni lilelile: punguza presha. Nimeona niweke uzi mmoja tulijadili kwa kina, maana ushauri huo ndio unaoharibu kegi nyingi kuliko ubovu wenyewe. Mtu anapunguza, glasi mbili tatu zinatoka vizuri, anafurahi. Siku chache baadaye povu limerudi kwa nguvu zaidi, na bia iliyo chini ya hilo povu imeisha gesi.

Sababu ni hii. Bia iliyo ndani ya kegi imebeba gesi ya CO2 iliyoyeyuka, na kiasi inachobeba kinaamuliwa na baridi pamoja na presha. Ikiwa baridi inaishika gesi, ikipata joto inaiachia. William Henry alishaeleza mwaka 1803 kwamba gesi huyeyuka kwenye kimiminika kulingana na presha inayokikandamiza, na kanuni hiyo ndiyo inayofanya kazi ndani ya friji yako leo. Bia nyingi za kawaida zinabeba karibu ujazo 2.5, yaani lita moja ya bia ina lita mbili na nusu za gesi ndani yake. Kwa nyuzi joto 3 za Selsiasi, kuishikilia gesi hiyo kunataka PSI (kipimo cha presha) 11 hadi 12, karibu bar 0.8. Bia hiyohiyo ikifika nyuzi 8 inataka PSI 15 au 16.

Sasa ukishusha regulata (kile kifaa cha kwenye mtungi wa gesi kinachopanga presha) hadi PSI 5 wakati bia imebeba gesi ya PSI 12, ile gesi haina tena kinachoizuia. Inatoka, na inatokea ndani ya mpira wa kupitishia bia, njiani, kabla bia haijafika bombani. Ndiyo maana unapofungua bomba linakohoa kwanza, linatema hewa, halafu linaleta povu.

Kwa hiyo mimi naanza na macho. Fungua friji, chukua tochi, uilaze ubavuni mwa mpira wa bia na uufuate taratibu kuanzia kwenye kegi hadi unapoingia mnarani, ile nguzo ya juu ya friji inayoshika bomba. Mpira wa bia iliyotulia umejaa rangi moja mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba unaweza kudhani bia haiko humo. Mpira wenye tatizo una vipande vya gesi vilivyokatiza bia, vingine urefu wa ukucha, vingine vidogo vinavyopanda kimoja kimoja na kujikusanya kwenye kona ya juu. Mahali vinapoanzia ndipo ugonjwa ulipo. Vikiwa juu tu, karibu na mnara, hilo ni joto. Vikianzia palepale kwenye kichwa cha kegi, kuna kitu kinapitisha gesi au kimeziba nusu. Vikiwa vimetapakaa mpira mzima, bia yako ina gesi nyingi kuliko presha uliyoweka. Na kama mpira ni safi kabisa lakini glasi inajaa povu, acha kegi, nenda kwenye bomba, glasi na urefu wa mpira.

Jambo la pili ni kipimajoto. Namba za kwenye swichi ya friji, zile za 1 hadi 7, si nyuzi joto, na hewa ya friji si bia. Mimina glasi ya kwanza, iweke pembeni, mimina ya pili na upime hiyo. Kegi kubwa iliyoingia ya moto inaweza kumaliza siku nzima na zaidi kabla bia ya katikati haijapoa, hata kama ukigusa chuma kwa nje unasikia baridi. Povu jingi ambalo watu wanaleta humu ni la kegi ambayo haijapoa tu.

Leteni kesi zenu. Naomba mseme joto la glasi ya pili, presha ya kwenye geji, urefu na kipenyo cha ndani cha mpira, na viputo vinaonekana sehemu gani. Bila hivyo tutakuwa tunabahatisha.

#2

Ahsante mkuu. Hiyo ya tochi sijawahi kuiona imeandikwa popote. Naweka kambi hapa.

#3

Mkuu, naheshimu maelezo yako ila natofautiana kidogo. Mimi nimeshusha hadi PSI 6 na povu limepungua sana, naimimina vizuri. Friji yangu iko nyuzi 3 kama unavyotaka. Mpira ni ule uliokuja na friji, hauzidi mita moja na nusu. Kegi bado ina zaidi ya nusu. Kwa nini nirudishe presha juu wakati mambo yanaenda?

#4 Mleta uzi

Mkuu wa #3, umejijibu mwenyewe hapo kwenye urefu wa mpira.

Bia inatoka ndani ya kegi ikiwa na msukumo wa PSI 12. Ikifika bombani inakutana na hewa ya kawaida. Ule msukumo wote lazima umalizike njiani kwa kusuguana na kuta za mpira, taratibu. Mpira ukiwa mfupi haumalizi, bia inafika bombani ikiwa bado inakimbia, presha inaanguka kwa mkupuo mmoja, na gesi inalipuka kuwa povu. Wewe umeshusha presha ili bia isikimbie, na kweli haikimbii. Lakini kegi yako inaachia gesi yake pole pole hadi ilingane na PSI 6. Kwa nyuzi 3 hiyo ni bia yenye ujazo wa 2 na ushei. Ukifika robo ya mwisho utaonja tofauti, utaona inateleza tu mdomoni bila kuchoma ulimi.

Dawa ni mpira mrefu. Kwa mpira wa plastiki laini wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4.8, ule unaoitwa wa inchi 3/16, anza na mita 3 kwa PSI 12. Watengenezaji wengi wa nyumbani wanafika mita 3.5. Ukiwa wa milimita 6 na ushei, yaani robo inchi, usijisumbue, njia imekuwa pana, ungehitaji mita nyingi mno. Badilisha. Nunua mrefu kuliko unavyodhani unahitaji, uzungushe juu ya kegi ndani ya friji, ujaribu. Bia ikitoka polepole kupita kiasi, kata sentimita 15, jaribu tena. Ukishakata huwezi kurudisha, kwa hiyo usiwe na haraka ya mkasi.

Kipimo changu cha mwendo ni hiki: bomba likiwa wazi kabisa, glasi ya nusu lita ijae kwa sekunde 8 hivi, yaani mililita 60 kwa sekunde. Mabaa yanayojali kazi yao yanalenga mwendo huohuo. Nyumbani ikichukua sekunde 10 au 12 hakuna shida.

Tahadhari moja kwa wanaoshusha presha kwenye kegi iliyojaa: presha ya ndani ya kegi ikizidi ya regulata, bia inaweza kurudi nyuma kupitia mpira wa gesi hadi kwenye regulata yenyewe. Kama huna valvu ya njia moja, fungia gesi kwanza, halafu toa presha ya kegi kwa valvu ya juu.

#5

Kesi yangu: nyuzi 3, PSI 12, mpira mita 3 wa 4.8. Glasi ya kwanza kila jioni ni povu karibu nzima. Ya pili nafuu. Kuanzia ya tatu ni bia safi kabisa. Nikikaa saa mbili bila kumimina, yanaanza upya.

#6 Mleta uzi

Mnara. Hapa hata usihangaike na kingine.

Ule mnara umesimama nje ya friji, kwenye hewa ya chumba. Kipande cha mpira kilicho ndani yake, na bomba lenyewe la chuma, vinashika joto la chumba wakati hujamimina. Bia iliyolala humo inapata joto, inaachia gesi, na bia mpya ikipita kwenye chuma chenye moto nayo inalipuka. Glasi ya kwanza inafanya kazi ya kupoza mnara, ndiyo maana ya tatu iko sawa.

Weka mkono juu ya mnara kabla ya kumimina, halafu uweke tena baada ya glasi ya tatu. Utasikia tofauti.

#7

Mkuu, mimi niliuzungushia mnara sponji nene kwa ndani. Je, haitoshi?

#8 Mleta uzi

Haitoshi peke yake. Sponji inachelewesha joto kuingia, haileti baridi. Kwa mtu anayemimina kila nusu saa inasaidia, ila kwa saa mbili joto litafika tu.

Kinachomaliza tatizo ni kupeleka hewa ya friji juu. Chukua feni ndogo ya kompyuta, ifunge kwenye kiboksi ndani ya friji, chini pale kunapokuwa na baridi kali, toa mpira mwembamba hadi kileleni mwa mnara, pembeni ya bomba. Feni inasukuma hewa baridi juu, hewa yenye joto inasukumwa chini na kurudi kwenye friji kupoa. Mdomo wa huo mpira uwe juu kabisa, kwenye shingo ya bomba. Ukiishia katikati ya mnara, chuma cha bomba kitabaki na joto na glasi ya kwanza itakuadhibu vilevile. Hapo sasa sponji yako itafaa sana, itatunza baridi iliyoletwa.

Kama huna nafasi ya feni, mimina kidogo kwanza, kama vidole viwili vya glasi, funga, subiri bomba lishike baridi, halafu endelea.

#9

Wakuu, mimi nimechoka. Kegi ya lita 19 ya pini, ile ambayo mipira ya bia na gesi inachomekwa kwenye pini zilizo juu yake. Nyuzi 3, nimepima glasi ya pili kama ulivyosema. PSI 11. Mpira mita 3 na nusu, mpya. Mnara una feni. Povu halikomi, glasi ya kwanza hadi ya kumi. Nimeangalia kwa tochi: bomba likiwa limefungwa mpira uko safi. Nikifungua tu, naona mstari wa viputo vidogo sana unatoka kwenye kiungio cha kegi na kwenda na bia mpaka juu, haukatiki.

#10 Mleta uzi

Ahsante kwa kuangalia vizuri namna hiyo, umeturahisishia wote.

Viputo vinavyoonekana wakati bia inatembea tu, na vinaanzia kwenye kiungio, hiyo ni oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ndogo ya bomba refu la ndani ya kegi. Wengi wanaisahau kwa sababu haionekani. Kwenye kegi za pini kuna bomba la chuma linaloshuka hadi chini kufuata bia. Juu kabisa lina ukingo, na chini ya ule ukingo kuna oringi nyembamba inayotenganisha bia na gesi iliyo juu ya bia. Ikikauka, ikipasuka au ikikaa upande, bia inapopita kwa kasi inanyonya gesi kutoka pale pembeni na kuichanganya ndani yake. Unafungua bomba ili upate bia, unapata bia na gesi kwa pamoja. Hakuna regulata itakayorekebisha hilo.

Fungia gesi. Vuta valvu ya juu ya kegi hadi presha iishe kabisa, usifungue chochote kabla haijaisha, maana ile pini inaweza kuruka na kukujeruhi. Fungua pini ya upande wa bia kwa spana, inua bomba la ndani, vua ile oringi na uitazame. Ikunje kwa vidole chini ya mwanga: ukiona nyufa ndogo au upande mmoja umekuwa bapa, ni hiyo. Weka mpya, paka mafuta ya kulainishia yanayoruhusiwa kwenye chakula, tone dogo tu, maana mafuta yakizidi yanaua povu zuri la juu ya glasi na hilo tunalitaka libaki. Safisha kwa dawa yako ya kuua vijidudu, rudisha.

Na ukiwa umeshafungua, angalia kwenye pini kama kuna vipande vya hopi vimenasa. Uchafu mdogo pale unafanya kazi sawasawa na kukanyaga mpira: bia inapenya kwa kujibana na gesi inatoka.

Wenye kegi za kiwandani zinazofungwa kwa kichwa cha kusokota, kwenu ni washa, yaani pete za kuzibia, za kile kichwa. Ugonjwa ni uleule.

#11

Naomba kuongeza jambo ambalo mleta uzi hajaligusa. Wanaoishi kwenye miinuko, geji yenu inasoma tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo PSI 12 ya huko ni pungufu ya PSI 12 ya usawa wa bahari. Kanuni ya kazi ni kuongeza PSI 1 kwa kila mita 600 hivi za mwinuko. Ukikaa mita 1800, weka 15 badala ya 12, na mpira uongezeke urefu kidogo.

#12 Mleta uzi

Ahsante sana mkuu wa #11, hilo ni la msingi. Wengi wanasoma majedwali yaliyoandikwa kwa usawa wa bahari, bia inakosa gesi ya kutosha na viputo vinajaa mpirani, halafu wanashusha tena presha.

#13

Jamani, nimetengeneza bia yangu, nikaitia gesi kwa PSI 30 na kuitikisa ili iwahi. Iliachwa hivyohivyo siku mbili kwenye baridi. Sasa nimeweka 12 ila bomba linamwaga povu kama kizima moto. Mpira mzima una mapengo. Je, niimwage?

#14 Mleta uzi

Usimwage chochote, dada au kaka. Bia ni nzima, imebeba tu gesi kupita kiasi. Kwa PSI 30 na baridi hiyo inaelekea zaidi ya ujazo 4.

Chomoa gesi kabisa. Vuta valvu ya juu hadi ikome kulia, funga, iache. Gesi iliyo ndani ya bia itapanda taratibu na kujaza tena nafasi ya juu. Baada ya saa mbili tatu vuta tena. Endelea hivyo siku nzima. Kama kegi imejaa mpaka shingoni, vuta kidogo kidogo, la sivyo povu litatokea kwenye valvu. Ukiwa na geji ndogo ya kuchomeka kwenye pini ya gesi ni vizuri zaidi: ukiona presha imejaa upya na kusimama kwenye 12 bila wewe kuongeza gesi, umefika. Rudisha mpira wa gesi, uiache itulie usiku mmoja.

Safari ijayo, weka 12 tangu mwanzo na usubiri wiki moja mpaka mbili. Najua subira ni ngumu, lakini bia iliyopata gesi kwa utulivu inamiminika vizuri kuliko ile ya kutikiswa.

Na jambo lingine, ukiona kegi inazidi kupanda presha yenyewe wiki hadi wiki bila gesi kuongezwa, onja. Hiyo inaweza kuwa chachu bado inakula sukari, au vijidudu vimeingia. Hapo povu ni dalili tu.

#15

Nimefanya kazi kaunta za bia ya bomba miaka mingi, naomba nichangie upande wa glasi na usafi, maana nyumbani ndipo unaposahaulika.

Bomba lifunguliwe lote kwa mara moja. Mtu anayeogopa povu analifungua nusu, na hiyo nusu ndiyo inayoibana bia na kulizalisha. Glasi ilazwe kama nyuzi 45, bia iteleze ukutani, ukifika zaidi ya nusu uisimamishe ili upate vidole viwili vya povu juu. Mdomo wa bomba usizame ndani ya bia.

Glasi ya kwenye friza msiitumie. Ule ukungu wa barafu ndani yake kila chembe inakuwa mahali pa gesi kutokea. Glasi yenye mafuta au mabaki ya sabuni inawadanganya kwa namna nyingine: viputo vinang'ang'ania ukutani na povu la juu linakufa upesi. Suuza kwa maji baridi kabla ya kumimina, bia itateleza vizuri.

Mipira isafishwe kila wiki mbili kwa dawa ya kostiki ya asilimia 2, izungushwe kwa pampu dakika 15. Kama huna pampu, iache imelala ndani dakika 20. Kila miezi mitatu pitisha dawa ya asidi kuondoa ule utando mgumu unaoota ndani, ambao ni madini na mabaki ya bia. Kwa macho mpira unaonekana safi, lakini ukipitisha kidole ndani ya bomba ulilolifungua utasikia mkwaruzo. Gesi inapenda kutokea kwenye mkwaruzo huo. Vaa glavu na miwani, usichanganye dawa hizo mbili wala kuzichanganya na dawa ya klorini, na suuza mpaka maji yatoke bila utelezi.

#16 Mleta uzi

Mkuu wa #15, hapo kwenye kufungua bomba nusu umenigusa. Naomba kila anayesoma aanze na hilo kabla ya kununua kifaa chochote. Halina gharama.

#17

Swali fupi: geji kubwa ya mtungi wangu wa gesi imeshuka sana tangu niingize mtungi ndani ya friji. Gesi inavuja?

#18 Mleta uzi

Si lazima. Ndani ya mtungi CO2 iko katika hali ya kimiminika, na presha yake inafuata joto. Kwa nyuzi 20 ni kama bar 57, kwa nyuzi 3 inashuka hadi karibu 38. Itasimama hapo mpaka kimiminika kiishe, ndipo ianguke ghafla. Kujua kilichobaki, pima uzito wa mtungi. Kujua kama unavuja, paka maji ya sabuni kwenye viungio vyote. Na hili lifanye kweli, maana CO2 ikijaa kwenye chumba kidogo kilichofungwa ni hatari kwa mtu.

#19 (wa #9)

Mrejesho wakuu. Ilikuwa oringi. Ilikuwa imepasuka upande mmoja, ukiinyoosha unaona mwanga unapita. Nimeweka mpya, ule mstari wa viputo haupo tena, na glasi inajaa kwa sekunde 10.

Sasa kegi inayofuata ni bia ya ngano, naitaka iwe na gesi nyingi, ujazo 3.2. Mpira huuhuu wa mita tatu na nusu utatosha?

#20 Mleta uzi

Hongera mkuu. Hautatosha. Kwa nyuzi 3 ujazo huo unataka PSI 18 au 19, na kwa presha hiyo mpira wako utakurudisha kwenye povu. Tafuta mita 5 za kipenyo hichohicho, uanze hapo ukikata kidogo kidogo. Huu wa sasa utunze kwa bia za kawaida, uuweke kiungio chake ili ubadilishe bila kufungua mnara mzima. Na kegi ikifika, iache siku nzima ndani ya friji kabla hujaigusa.